Mkunga Katika Jumba la Picha

Mwaka ambao baba alistaafu kazi ya kuchora ramani za majengo serikalini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, alitutangazia mezani, huku akimenya chungwa, kwamba anataka kwenda Italia kuangalia kuba.

"Kuba gani?" mama akauliza.

"La kanisa kuu la Firenze. Kuba la matofali. Nililiona kwenye kitabu cha shule nilipokuwa mdogo, Unguja. Mpaka leo sijui lilisimamaje bila ya kuanguka wakati linajengwa."

"Na wewe ukenda ndiyo utajua?"

"Angalau n'talitazama."

Mama akamtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. Alikuwa mkunga. Kazi aliisomea Unguja, akaja kuifanya Maskati, na kwa miaka zaidi ya ishirini na tano alizalisha kwenye wodi ya wazazi mpaka ikawa hatuwezi kupita mahali kwa salama. Tukiwa dukani Bawshar, humo humo Maskati, atatokea kijana mwenye ndevu zake na kanzu iliyonyooshwa, atambusu mkono, ataulizia afya yake, na mama atanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu: "Huyu alitanguliza miguu." Mama alidhani vijana hao hawasikii Kiswahili. Wengi wao walikuwa wakisikia vizuri sana.

"Wenzio wakistaafu wanakwenda Umra," alimwambia baba. "Wewe unakwenda kutazama matofali."

"Umra tumeshakwenda."

"Basi tukaongeze."

Walibishana mwezi mzima, kwa adabu, wakati wa kahawa. Mwisho mama akakubali kwa sharti kwamba na mimi niende, maana hakutaka kubaki peke yake na mtu anayezungumza na majengo. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, sijaolewa, na likizo yangu ya katikati ya mwaka wa masomo, mwezi wa Januari, iliangukia wakati ambao Firenze kuna baridi ya kupasua midomo. Baba hakujali. Alinunua kitabu cha mwongozo akakipigia mistari kwa kalamu nyekundu na rula. Akanunua na raba nyeupe, na kila siku baada ya sala ya alfajiri akawa anazunguka mtaa wetu kwa kanzu na raba zile, kuyazoesha magoti. Majirani walifikiri ameambiwa na daktari.

Siku ya kwanza kule tulikwenda kwenye kuba. Mlangoni palikuwa na tangazo, na baba alilisimamia akatutafsiria neno kwa neno: mwenye maradhi ya moyo asipande, mwenye kuogopa mahali pembamba asipande, na ukishaanza kupanda hakuna kurudi nyuma. Alilisoma kwa fahari, kana kwamba tangazo lile ni la kuwazuia watu wengine. Akatangulia yeye, akafuata mama na abaya yake juu ya masweta mawili, nikafuata mimi. Nyuma yangu palikuwa na msururu wa watalii ambao sikuuona mwisho wake.

Kuba lile lina kuta mbili, moja ndani ya nyengine, na ngazi zinapita katikati, nyembamba, zinapinda. Hapo mwanzo baba alitusomesha bila kupumzika. Alipapasa ukuta, akatuonyesha matofali yalivyopangwa mshazari kama mifupa ya samaki, akatueleza kila tofali limeshikwa na jirani yake. Tulipokwenda mbele zaidi, maelezo yakawa mafupi. Halafu yakawa neno moja moja. Halafu baba akasimama, akaegemeza paji la uso ukutani.

"Bwana, kuna nini?" mama akauliza.

"Hakuna kitu."

"Mbona hwendi?"

"Nnatazama matofali."

"Umefumba macho."

Akaukumbatia ukuta kwa mikono miwili. Mbele yake ngazi zilikuwa bado zinapanda, nyuma yake mna sisi na ulimwengu mzima, na mtu mmoja huko nyuma kwenye msururu akaanza kuuliza kwa lugha yake kulikoni. Nilitaka kulia. Nilijiona nikieleza ubalozini kwamba baba yangu amekwama ndani ya kanisa.

Hapo sauti ya mama ikabadilika. Ile sauti sikuwahi kuisikia nyumbani. Haikuwa kali wala haikuwa ya upole. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye jambo hili ameliona jana, juzi, na ataliona tena kesho.

"Nisikilize mimi tu," alimwambia. "Usisikilize mtu mwengine. Vuta pumzi kwa pua. Eeh. Sasa itoe kwa mdomo, taratibu, kama unapuliza mshumaa. Tena."

Baba akavuta, akatoa.

"Vizuri sana. Sasa usisukume. Usisukume mpaka nikwambie."

"Sisukumi kitu mimi!" baba akasema ukutani.

"Ndiyo hivyo hivyo. Pumzi fupi fupi. Fuu, fuu, fuu."

Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja mnene, mtalii, amevaa kofia ya sufi. Kiswahili hakijui, lakini jambo lile alilitambua papo hapo. Akaanza na yeye: fuu, fuu, fuu. Wa nyuma yake akaipokea. Punde msururu mzima ukawa unapumua kwa pamoja ndani ya ukuta ule, wengi wao bila ya kujua sababu.

"Haya!" mama akasema, akaweka viganja vyake viwili kwenye mgongo wa baba. "Sasa! Sukuma! Sukuma, sukuma, usiache, mwanga nnauona, sukuma!"

Na baba akenda. Sijui kama ni kwa nguvu za magoti au kwa aibu, lakini alipanda ngazi zilizobaki bila ya kusimama, mama akimsukuma kwa nyuma, na juu kabisa, kwenye kitundu cha kutokea nje, alitanguliza kichwa, mwekundu, amelowa jasho, macho ameyabana kwa mwanga. Watu waliokuwepo juu wakageuka. Mama akatoka nyuma yake, akajipangusa mikono, na kwa Kiingereza chake cha wodini akawaarifu: "Mtoto wa kiume."

Yule mama wa kofia ya sufi alipotoka alicheka mpaka akakaa chini. Baba alinuna. Akatupa mgongo, akasimama kwenye kizuizi, mji wote uko chini yake na mapaa yake mekundu na mto wake, akaweka kiganja juu ya jiwe jeupe la kuba. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoivua miwani kuifuta, mama akamsogelea.

"Umejua sasa lilisimamaje?"

"Hata," baba akasema. Na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikumbuki kuiona siku aliyopewa cheti cha kustaafu.

Siku ya pili tukenda kwenye jumba la picha. Baba alikuwa ameshasamehe na kitabu chake kiko mkononi. Alitutembeza chumba kwa chumba, anasoma, anageuza ukurasa, anatafuta namba ukutani. Vyumba vya mwanzo vilikuwa vimejaa picha za zamani sana zilizochorwa juu ya mbao za dhahabu, na karibu kila moja ilikuwa ya Bibi Maryam amempakata mtoto. Mama alikwenda polepole, kimya, mikono nyuma. Nikafikiri ameguswa. Au pengine ni viatu vinambana. Kwenye chumba cha tatu akanivuta mkono.

"Mwanangu. Hawa watoto wana nini?"

"Wana nini vipi, mama?"

"Mtazame huyu. Ana muda gani huyu? Wiki sita? Na uso wa mzee anayengoja pencheni." Akanipeleka kwenye nyengine. "Huyu ana maradhi ya manjano. Tazama macho, tazama mashavu, mpaka nyayo. Huyu alitakiwa atiwe chini ya taa ya wodini tangu juzi." Kwenye nyengine. "Na huyu kashikwa kama mkungu wa ndizi. Shingo yake iko wapi? Nani kamshikilia shingo?"

"Bi Mkubwa," baba akanong'ona, "punguza sauti. Hizi ni picha za watu wakubwa sana."

"Mimi simsemi Bibi Maryam wala Nabii Issa, salaam ziwashukie. Wao hawakuwepo hapa wakachorwa. Nnawasema wachoraji. Nisomee majina yao."

Baba akasoma mawili matatu.

"Wanaume watupu," mama akasema. "Hata mmoja hajawahi kubeba mtoto mchanga maishani mwake."

Sikuweza kumpinga. Nilikuwa nimezisoma picha zile katika vitabu na kuzisifu, na sasa popote nilipogeuka niliona vizee vidogo vya manjano vinavyoteleza mapajani. Mama akanivua koti langu, akalikunja likawa kama mtoto, na akaanza kunionyesha tofauti mbele ya picha kubwa kuliko zote: kiganja chini ya kisogo, mkono chini ya mgongo. Ili nisikosee, akanyoosha kidole kuigusa shingo ya mtoto wa kwenye picha.

King'ora kikalia.

Akaja mlinzi mbio, mwanamke wa makamo, mfupi, nywele za mvi, miwani inaning'inia kwa mnyororo kifuani. Alizungumza maneno mengi na kidole juu. Baba alianza kuomba radhi kwa Kiingereza, kitabu amekiinua kama mtu anayeonyesha pasi ya kusafiria. Mama hakutishika. Alimngoja amalize, kisha akamwonyesha picha, akamwonyesha koti. Akalishika koti kama alivyoshikwa mtoto wa picha, na mkono wa koti ukaanguka ukaning'inia. "Hivi?" akasema, akatikisa kichwa. "Laa!" Akaliweka sawa, akatia kiganja chini ya kisogo. "Hivi."

Mlinzi akaitazama ile picha. Nadhani alikuwa amekaa nayo kwenye chumba kile kwa miaka, na siku ile ndiyo kwanza anaiona. Akaziba mdomo. Mabega yakaanza kumtingishika. Akaangalia huku na huku kama kuna mkubwa wake, akalichukua koti kwa mama, akalilaza kwenye mkono wa kushoto na kulipigapiga mgongo, barabara kabisa, kama mtoto aliyekwisha kunyonya.

"Eewallah!" mama akasema. "Huyu anajua." Akamwonyesha vidole kumuuliza anao watoto wangapi.

Mlinzi akainua vidole vinne, akamrudishia mama swali. Mama, kwa kuwa hapendi kujibu swali dogo penye jibu kubwa, akamhisabia wale aliowazalisha: akafungua viganja viwili, akafumba, akafungua, akafumba, akafungua, akaendelea mpaka mlinzi akawa amerudi nyuma hatua moja. Yule mwanamke akamtazama mama toka utosini hadi miguuni. Kisha akamgeukia baba na kumwangalia kwa muda, na sijui kama ilikuwa heshima au lawama.

Baba akawa mwekundu kuliko siku ya kuba. "Mwambie!" alinihimiza. "Mwambie upesi, muuguzi! Mkunga!"

Nilipofanikiwa kumfahamisha, mlinzi alitoa ukelele, akamkumbatia mama na koti katikati yao. Halafu akamshika mkono akamwongoza nje ya chumba kile, kupita ujia, mpaka kwenye kijichumba ambacho watu hawakuwa wakiingia. Ukutani palikuwa na picha ndogo, haizidi sinia ya kahawa, imefifia. Mwanamke amekaa na mtoto. Hakuna dhahabu. Mkono wake wote uko chini ya kichwa cha mtoto, vidole vimetanuka, na kiguu cha mtoto kimesukuma tumbo la mama yake mpaka nguo imeingia ndani. Yule mwanamke hatazami mbinguni wala hatutazami sisi. Ana usingizi.

Mama alisimama pale, mikono nyuma kama mwanzo, akaisogelea picha kiasi cha kuruhusiwa.

"Huyu hajalala siku tatu," alisema. Kisha akaongeza: "Na aliyemchora alikuwemo ndani ya nyumba."

Baba akageuza kurasa za kitabu. Picha ile haikuwemo. Aliangalia mara mbili, akatafuta namba, akamuuliza mlinzi ni ya nani, na mlinzi akainua mabega: haijulikani.

"Wewe ulikuwa hivi hivi," mama aliniambia bila ya kugeuka. "Kiguu chako, usiku kucha, hapa." Akajigusa chini ya mbavu.

Mama hakuwa mtu wa kusema mambo kama hayo. Tulipokuwa wadogo alirudi kutoka kazini na harufu ya dawa, akala, akalala, na habari za kuzaliwa kwetu hatukuzisikia kwake. Tulizisikia habari za kuzaliwa kwa Maskati nzima isipokuwa sisi. Nikalichukua koti langu, nikalivaa.

Jioni ile tulirudi hotelini kwa basi, mvua inanyesha. Mama alikaa dirishani akasinzia, na baba akahamia kiti cha kando yangu.

"Siku uliyozaliwa wewe," akaanza, kwa sauti ya chini, "walinikalisha kwenye ujia wa hospitali. Nikasikia kelele ndani. Nikasikia mtu mmoja anatoa amri: lete hiki, usishike hivyo, toka wewe, niitie mwenzio. Akatoka mkunga, binti wa Kihindi, anakaribia kulia. Nikamuuliza, mke wangu hajambo? Akaniuliza, mke wako yupi? Nikamwambia yule mzazi mle ndani. Akasema: mle ndani mna mzazi na mna daktari mkuu. Nikamwambia, basi hao wote wawili ni mke wangu."

Nilicheka mpaka mtu wa kiti cha mbele akageuka.

"Alimfukuza mkunga wake," baba akasema, anafuta miwani. "Kwa kweli, maskini yule binti hakuwa na kosa."

"Alikuwa nalo," mama alisema, macho bado amefumba. "Alishika mkasi vibaya."

Basi likasimama, watu wakashuka, likaondoka, na ilipopita dakika nzima ndipo nilipogundua kwamba kituo kile kilikuwa chetu.