Ng'ombe Wangu Katika Bustani ya Mji

Chini ya kadi ile ya posta pameandikwa kwa Kiingereza kwamba ni alasiri tulivu katika bustani ya Arusha. Picha ilipigwa saa tatu asubuhi, na utulivu wenyewe niliutengeneza mimi kwa mundu.

Ng'ombe aliyemo ni wangu, wa kijijini kwetu Sekei, mlimani. Kiangazi kile maziwa yangu yalikuwa haba, na mwanangu wa kwanza aliishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Majani yalikuwa yamekwisha kote mlimani. Yalibaki katika bustani ya mji, ambako mume wangu alikuwa kibarua. Aliyafyeka, kisha kwa amri ya Bwana Mkubwa wa mji akayachoma moto. Kutoka na hata kitita kimoja kulikuwa kosa la kufukuzwa kazi.

Ndipo mpiga picha mmoja wa Kihindi, mwenye duka mjini, akatutafuta. Bwana Mkubwa alitaka kadi zinazofanana na za kwao Ulaya: mto, miti, ng'ombe akijilisha. "Akiipenda picha," mpiga picha alituambia, "mwombeni hayo majani." Nikamwona mkombozi.

Hakuna aliyekumbuka kwamba sisi Wameru ng'ombe tunamlisha zizini. Wangu aliletewa majani mdomoni tangu azaliwe, kama bibi harusi. Kando ya mto alisimama katikati ya majani mabichi, akanitazama, akangoja. Tukangoja naye. Mwishowe nikachomoa mundu, nikakata, nikamrundikia. Akala kwa adabu zake zote.

"Dada, inama zaidi nyuma yake," mpiga picha alisema. "Kitambaa cha kichwa kinaonekana."

Kadi ikatoka nzuri mno, ng'ombe peke yake kama mwenye mji.

Tulipokwenda kuomba, Bwana Mkubwa alikuwa nayo mezani. "Majani ya kubeba ya nini?" aliuliza. "Mnyama wenu anajua kujilisha. Mleteni kila Jumamosi ale mwenyewe. Ila mundu usiingie bustanini, wala mkono usiyang'oe."

Ningeweza kusema kwamba nyuma ya tumbo lile nilikuwapo mimi, nimeinama, nikimkatia kwa mundu. Mume wangu alinitazama kwa macho ya kunisihi. Nilikasirika. Nikasema, "Asante, Bwana."

Jumamosi nilimpeleka, mtoto mgongoni. Majani yalikuwa tele. Ng'ombe alisimama humo mpaka jioni akiitazama mikono yangu, na mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.