Maganda ya Bi Muhsina

Bi Muhsina alistaafu ufamasia baada ya miaka thelathini na nne ya kupima dawa, na mapumziko yakamshinda mwezi wa kwanza tu. Akikaa sebuleni kwake mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, vidole vinatafuta cha kushika.

Nduguye Khalil, mpiga shabaha, akamchukua siku moja klabuni kwao, nyuma ya majabali ya njia ya Bustan. Milio ya bunduki haikumpendeza. Lakini chumba cha nyuma alimkuta mzee Muhanna kainamia meza, anajaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa: anatia fataki mpya ya kuwashia, anapima baruti, kisha anabana kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda. Mbele yake mizani ndogo.

"Mizani hii nnaijua," akasema Bi Muhsina.

"Basi karibu, bibi. Lakini kibali kwanza."

Kibali kilichukua miezi mitatu. Bintiye Reem akacheka: "Mama, wenzio wakistaafu hushona kofia!"

"Na mie nshapata changu, mwanangu."

Akanogewa. Maganda yakishaoshwa yalimetameta kama asali juani, akayapanga safu safu, na mawazo yakamchukua taratibu mpaka mtaa wa Ng'ambo wa utotoni, mvua juu ya mabati, harufu ya wanga mamake akipiga pasi. Saa zikipita yeye hajui. Hata mikwaruzo ya maganda aliizoea. Alijua lipi limetoka bunduki ya nani.

Alhamisi moja mawazo yalimchukua mbali zaidi. Aliporudi, risasi hamsini zilikuwa tayari mbele yake, zimebanwa, nzuri, na yeye hakumbuki kuzijaza zote. Khalil akaja kuzichukua.

"Sikupi."

"Kwa nini, dada? Mashindano kesho!"

"Sina yakini nazo."

Khalil akaondoka kanuna. Alipiga kwa risasi za dukani, akatoka wa tisa, na simu ya dada yake hakuipokea wiki nzima.

Ijumaa baada ya sala Bi Muhsina alianza kuzifungua, moja moja, Muhanna kando yake. Thelathini na sita zilikuwa salama. Ya thelathini na saba haikuwa na baruti hata chembe.

"Hii," akasema Muhanna pole pole, "fataki yake ingeisukuma risasi ikwame mtutuni. Anayefuatiliza ya pili, bunduki humpasukia."

Bi Muhsina alizifungua zilizobaki, mpaka ya hamsini. Baadaye alimpelekea Khalil lile ganda nyumbani. Khalil akaligeuza kiganjani, akaligeuza tena.

"Na bunduki huwa nnailaza shavuni," akasema. Akamshika dada yake mkono.

Yale mawazo hakuyaacha, aliyapa mahali pake. Akiosha maganda na kuyapanga, mawazo humpeleka atakako. Kopo la baruti likifunguliwa, huvaa miwani, hasemi na mtu, na kabla ya kubana chochote humulika kila ganda ndani kwa tochi.

Majira ya baridi alikubali, kwa mara ya kwanza, kupiga risasi alizojaza mwenyewe. Tano zote ziliangukia pembeni mwa shabaha, upande wa kushoto, zimesongamana pamoja kama mbegu za ukwaju. Khalil akampa pole. Yeye hakusikia, alikuwa keshafungua daftari, anajiuliza kwa nini kushoto.