Kokwa za Saa Tatu

Kaka yangu ni fundi saa, na kazi yake imemwingia mpaka kwenye mifupa. Mkewe akimsalimia, hutazama saa kwanza ndipo aitikie. Wifi yangu alivumilia miaka kumi na tisa. Siku kaka alipomwambia kuwa jana alicheka sekunde kumi na moja kupita kawaida, alifunga begi akaenda kwa mama yake, nyumba ya pili kutoka kwetu.

Mama mkwe alikuja mwenyewe. Aliokota fenesi lililoanguka kutoka kwenye mti wetu wa uani, akalibwaga juu ya meza ya kaka, springi zikatawanyika.

"Mwanangu anapenda kokwa," akasema. "Zipike mwenyewe, baba. Zikiiva atarudi. Zikiwa mbichi zitatuvuruga matumbo, na hapo tusijuane."

"Nizichemshe vipi, mama?"

"Saa tatu."

Mtu mwingine yeyote angeelewa. Kaka alijipaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande, akatoa kokwa moja moja, akaziosha. Kesho yake asubuhi, ilipogonga saa tatu kamili, akazitumbukiza kwenye maji yanayotokota. Saa tatu na dakika moja akaziepua.

"Kulikoni?" nikamuuliza.

"Sasa si saa tatu tena," akanijibu kwa upole, kana kwamba mjinga ni mimi.

Mama mkwe alizitafuna nne, kwa heshima ya ukwe tu. Siku nzima choo kikawa chake. Jioni tukamsikia kupitia kidirisha cha huko: "Masaa, baba. Masaa matatu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaona kaka analia. Nilimwonea huruma, mpumbavu wangu huyo.

Kesho yake akabandika sufuria upya, akavuta kigoda chini ya mfenesi. Alivua saa ya mkononi akanipa.

"Nishikie. Nikiwa nayo nitaziharakisha."

Alikaa hapo akichochea kuni, akiongeza maji, akibonyeza kokwa kwa kidole na kuungua. Wifi akaja na begi lake, akasimama kando ya moto.

"Saa ngapi?" akamtega.

Kaka akainua mkono. Ulikuwa mtupu.

"Sijui," akasema. "Bado zinaiva."

Wifi akacheka. Alicheka sana, akaketi juu ya begi akaendelea kucheka. Mwenye saa nilikuwa mimi, na sikuitazama.