Kibao cha Mwaloni

Kaka yangu Orrin alikuwa seremala. Kila mtoto aliyewekwa wakfu katika kanisa letu hapa Kentucky alichongewa naye kibao cha kuchapiwa: cha mwaloni, chenye mpini, jina la mtoto limechomwa kwa chuma cha moto. Wazazi walikitundika jikoni. Mchungaji alihubiri kwamba anayemnyima mtoto fimbo anamchukia, watu wakaitikia amina, wakaenda zao kula.

Orrin mwenyewe alimlea binti yake Lurleen bila mama. Hasira ikimpanda, alitoka kwanza akapasue kuni. Akirudi alimketisha mtoto, wakazungumza kosa, kisha adhabu: asafishe alichochafua, aombe radhi kwa aliyemkosea. Kibao cha Lurleen hakikushushwa ukutani mpaka anaolewa. Hilo hakuna aliyemuuliza. Watu husikia nusu ya neno, ile nusu wanayoipenda.

Jumapili moja Lurleen alikuja na mumewe Dwayne na binti yao Callie, wa miaka sita. Nilikuwa nakaanga kuku jikoni kwa Orrin. Dwayne akaweka mezani kibao cha Callie, kimevunjika vipande viwili.

"Mzee, nichongee kingine," akasema huku anacheka. "Kinene kidogo. Hiki kilikuwa biskuti."

"Huo ni mwaloni," Orrin akasema. "Umevunjikia wapi?"

"Yaulize makalio ya Callie. Kamwaga maziwa, namwambia futa, ananikodolea macho tu. Ana kichwa kigumu kama ukoo wenu wote wa Tackett."

Lurleen aliangalia sakafu. Nilitamani kummwagia yule mwanamume mafuta ya moto, na sioni haya kusema.

Orrin akanyoosha mkono kuchukua kofia yake msumarini, atoke akapasue kuni kama desturi yake. Callie, aliyesimama karibu, akajikunyata na kufunika kichwa kwa mikono miwili. Babu yake hajawahi kumgusa hata kwa ukucha.

Orrin akaiacha kofia. "Nenda nyumbani, Dwayne. Mke na mtoto wanabaki."

"Mzee, lakini Biblia inasema..."

"Biblia hiyohiyo inawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao. Hiyo umeiruka? Toka kwangu kabla sijasahau kwamba nimeokoka."

Dwayne akatoka, akabamiza mlango.

Orrin akatupa vile vipande kwenye moto wa jiko. Akaenda karakanani, akarudi na vibao vitatu vya watoto waliokuwa wawekwe wakfu mwezi uliofuata.

"Mchungaji atakuuliza," nikamwambia.

"Aulize. Hata mimi ninayo mengi ya kumuuliza."

Akachuchumaa mbali kidogo na Callie, mikono ameiweka magotini ionekane. "Njoo tuvichome pamoja, mjukuu wangu."

Callie hakusogea. Alikuwa ameshika aproni yangu.

"Babu," akasema, "kile changu si ulinitengenezea wewe?"

"Ndiyo," Orrin akajibu. "Ni mimi." Na kuku wangu akaungua, kwa sababu sikutaka kumbandua Callie kwenye aproni yangu.