Neno Lililonirudishia Mkono wa Kapinga

Nikisikia harufu ya mafuta ya mawese, mikono inaniwasha hadi leo. Nilikuwa na miaka tisa, pale mtaani kwetu Dilala, na mama alinipaka mawese asubuhi na jioni, kutoka vidoleni hadi viwikoni, kwa sababu ngozi yangu ilikuwa imewaka: nyekundu, yenye malengelenge, inawasha hadi natamani kujikuna kwa tofali. Madoa ya mafuta yalijaa kwenye madaftari, kwenye mto, hata kwenye gauni jeupe la Pasaka. Jamani, nilinuka kama sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese!

Lakini si kuwashwa kulikoniumiza zaidi. Pasaka tulipaswa kucheza mbele ya altare, wasichana wawili wawili, tumeshikana mikono, na mwenzangu alikuwa Kapinga, jirani na rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Siku ya mazoezi mama yake alimvuta pembeni mbele ya wote. "Mi sitaki mutoto wangu amushike huyu," alisema. "Ule ugonjwa hata jina hauna!" Nililia hadi kwikwi ikanishika. Mama Kapinga hakuwa mtu mbaya, ila kitu kisicho na jina kilimtia hofu kuliko surua.

Mama akanipeleka zahanati kwa Tata Kazadi, muuguzi mzee aliyewahi kusomea upadri, ambaye hakuweza kukupa hata kidonge bila kukupa somo. Alinusa mikono yangu, akacheka, akauliza nani anafua nguo nyumbani. Mimi! Nilijivunia kumfulia baba ovaroli zake za kazini kwa sabuni kali ya unga. "Basi ni ile sabuni," alisema. "Na mawese, acheni." Kisha akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: DERMATITE. "Ni neno la Wayunani. *Derma*, ngozi. Ile *-ite* ya nyuma inasema kitu kimewaka, kimevimba. Jina halisemi nani amekiwasha. Hilo mi ndiye nakuambia: sabuni. Haiambukize mutu."

Nilikimbia na karatasi hadi kwa Mama Kapinga, nikasimama mlangoni nikamhubiria Kiyunani chote. Alisoma polepole, midomo ikicheza. "Dermatite. Eh! Kumbe iko na jina ya bazungu!" Akalirudia mara tatu. Kisha akaishika mikono yangu yote miwili, na mafuta yake, akaita ndani: "Kapinga, kuya! Mwenzako iko hapa."

Pasaka ile tulishikana kwa nguvu hadi vidole vikauma, tukakosea hatua, tukacheka mbele ya padri.

Siku hizi naishi Fungurume, na binti yangu akitokwa na kipele, simu inampa majina kumi kabla sijavaa miwani. Nafurahi, kweli. Ngozi yangu ilichukua wiki tatu kupoa baada ya kuacha ile sabuni. Ila mimi mwenyewe nilipona siku ile mlangoni, mikono ikiwa bado inawaka.