Kaka na Bendi za Kiangazi

Kaka yangu mkubwa alifundisha kwaya ya parokia yetu kule Mabawe tangu nikiwa msichana wa shule. Ndiyo maana hakuwahi kwenda kwenye tamasha la bendi linalofanyika Ngara mjini kila kiangazi. Tamasha huwa Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi. Kila mwaka majirani waliporudi kutoka huko aliwauliza gitaa la solo lilipigwaje, kisha akasema mwakani lazima aende. Mwakani ikifika, kwaya ilikuwa inajiandaa kwa kipaimara au kwa sikukuu ya parokia, naye akabaki.

Mwaka jana aliacha kufundisha. Masikio yalikuwa yanamtupa. Mwanzoni alidhani akina mama wa sauti ya kwanza wamezembea, akawa anawakemea, mpaka mmoja wao akamfuata pembeni na kumweleza kwa upole kwamba wanaimba kwa nguvu zao zote. Daktari alimwambia sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, na hazirudi. Akarudisha ufunguo wa chumba cha kinanda, akatulia nyumbani na shamba lake la maharage.

Kiangazi kilipofika akaja kwangu. "Sasa Jumamosi zangu ziko wazi," akaniambia. "Nisindikize."

Tulifika uwanjani asubuhi, mafundi bado wanavuta nyaya. Kaka alikuwa amevaa koti la kuendea misa, na vumbi jekundu lilikuwa limeshaanza kuligeuza rangi. Akaketi kwenye viti vya mbele vilivyowekewa wageni, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Bendi ya kwanza ilikuwa ya vijana kutoka Biharamulo. Kaka hakuondoa macho kwenye vidole vya mpiga gitaa. Baada ya muda akaniinamia. "Besi naisikia. Ngoma nazisikia. Solo linasema nini?"

Mimi nauza vitenge sokoni, mambo ya nota siyajui. Nikamsogelea sikioni nikaliiga lile gitaa kwa mdomo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto. Waliokuwa nyuma yetu wakacheka. Kaka alisikiliza amefumba macho, kisha akatikisa kichwa.

"Hapo umeshuka," alisema. "Rudia."

Nikarudia. Niliendelea hivyo karibu muda wote waliokuwa jukwaani, koo likanikauka, nami nilijua kwamba ninachompa ni makombo tu.

Mchana tulikula ndizi za kuchoma na nyama. Wakapanda wapiga ngoma kutoka vijiji vya mpakani, na uwanja mzima ukasimama. Hizo kaka alizisikia sawasawa, hata akapiga makofi. Lakini alipoketi aliniambia kwamba ngoma amezisikia tangu utotoni, na hakuja kwa ajili ya ngoma.

Alikuja kwa ajili ya bendi ya jioni, bendi ya watu wazima yenye saksafoni na akina mama watatu wanaoitikia. Walipoanza aliinuka, akaenda mpaka kwenye spika kubwa kando ya jukwaa, akaweka kiganja juu yake. Nikamfuata. Mlinzi mmoja akaja, akamwamkia shikamoo, akamwomba asogee maana hapo ataumia masikio. Kaka akaniuliza amesemaje. Nilipomwambia, alicheka mpaka akapangusa macho, na yule mlinzi naye akacheka bila kujua kwa nini. Mimi sikuweza.

Akasogea hatua chache, akawatazama wale akina mama. Midomo yao ilifunguka pamoja, na walichoimba kilikuwa kizuri mno. Nilijaribu kumwigia, lakini sauti tatu haziingii kwenye mdomo mmoja. Nikaacha.

"Wanagawana?" akauliza. "Au wote wanaimba sauti moja?"

"Wanagawana," nikamwambia sikioni.

Akaitikia kwa kichwa. Wimbo ukaisha, wakaanza mwingine, na yeye bado anatazama midomo.

"Ningekuja nilipokuwa nazisikia," alisema. "Kwaya isingekufa kwa Jumamosi moja."

Nikamwambia kwamba kwaya yetu inaimba vizuri leo kwa sababu yake. Sijui kama hakusikia au hakutaka kujibu. Sikurudia.

Jua lilikuwa bado halijazama aliposema twende. Usiku huo tungelala kwa binti yangu anayeishi Nyamiaga, si mbali na mji, na tukaamua kwenda kwa miguu. Upepo ulivuma kutoka uwanjani, na sauti za wale akina mama zikatufuata mbali sana barabarani, nyembamba lakini safi. Kaka alikuwa akinieleza jinsi maharage ya mwaka huu yalivyoliwa na wadudu. Nikamuuliza kama amepata dawa ya kupulizia.