Kidonge Alichokiita Oili

Wiki hii tumemzika, kule Mlali, dereva mstaafu aliyekuwa akinishushia karoti na kabichi za Uluguru mlangoni kwangu Mwembesongo. Hakufa kwa ajali, ingawa pikapu yake ilitutia hofu kila iliposhuka mlimani. Amekufa kwa damu iliyovujia kwenye misuli ya ukuta wa tumbo, baada ya kukohoa mfululizo. Imeniuma, maana aliweza kunichekesha hata nikiwa nimenuna.

Kwa ajili ya moyo, alipewa kidonge cha kuzuia damu isigande, ameze kila siku. Yeye akakiita oili. Ukimkuta na kikombe cha maji atakwambia, "Ngoja niweke oili, injini isije ikanoki." Nyumbani wakazoea, neno dawa likasahaulika kabisa. Uvimbe ulipotokeza kando ya kitovu, akasema ni ngiri tu, na mkewe akamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Uvimbe ukazidi, ngozi ikapiga weusi, mwenyewe akaishiwa nguvu.

Chumba cha dharura alifika hawezi hata kuongea. Nesi akamuuliza mkewe, "Mama, baba anatumia dawa gani?" Akajibu, "Hatumii dawa, mwanangu." Hakudanganya. Wakahangaika wakidhani ni vidonda vya tumbo, mpaka daktari alipoutazama ule weusi na kuuliza, "Hakuna hata kidonge kimoja anachomeza?"

"Labda oili yake," mama akasema. Ilipoeleweka ni kitu gani, wakampa dawa ya kusaidia damu igande na kumwongezea damu, lakini alikuwa ameshapoteza nyingi mno.

Siulaumu utani wake. Mtu aliyezoea kushika usukani hapendi watoto wake wamwone mgonjwa, na jina lile lilimsaidia kuishi na moyo mbovu bila kuuogopa. Ila kila kidonge kina jina lake halisi, na anayepaswa kulijua kwanza ni yule atakayekufikisha hospitali siku ambayo huwezi kujisemea.

Msibani mjane alinivuta pembeni. "Shemeji, ningesema dawa, angepona?" Nikamwambia sijui, na kweli sijui. Wageni walipotawanyika akaniuliza tena. Wasomaji wangu, waambieni leo watu wa nyumbani mnachomeza, msije mkawaachia swali kama hilo.